Swali la Don Saturio

Gari la mikate huingia Valdemirlo asubuhi, hupiga honi mbele ya kanisa, na anayetaka mkate hutoka na mfuko wake wa kitambaa. Siku Nerea na Gorka walipofika, gari hilo lilikuwa limeondoka punde tu, kwa hiyo wengi wetu tulikuwa bado tumesimama pale, mikate kwapani, tukimsengenya daktari. Wakaingia na gari lao la kulala, lenye kitanda, jiko la gesi na mnanaa uliopandwa kwenye kopo la nyanya. Walikuwa wamezunguka nalo miaka miwili, Ureno yote na pwani ya kusini, na sasa Nerea alikuwa mjamzito na kila kona ya barabara ilimchafua moyo. Alishuka, akatapika kwa adabu nyuma ya birika la kunyweshea punda, akajifuta mdomo, akatuamkia. Tulimpenda palepale.

Walikuwa wameona tangazo la Evaristo, meya wetu, kwenye mtandao: nyumba ya bure kwa watu wanaotaka kuishi kijijini, walipe umeme tu. Vijiji vingi huku Kastilia vina matangazo kama hayo, kwa kuwa vijana wamehama na shule zimegeuzwa maghala. Evaristo akawakabidhi ufunguo mkubwa wa chuma na kuwaonyesha nyumba ya mwisho ya mtaa wa juu, yenye mlango wa kijani.

"Ni kwa muda tu," Nerea akasema. "Mpaka mtoto azaliwe."

"Kaeni mpendavyo," Evaristo akajibu. "Hiyo tunaiita nyumba ya Mgawa-Maji. Ya zamani, lakini haivuji."

Mzee Celedonio, ambaye hukaa kwenye benchi la kanisa akimchokoza kila anayepita, akawauliza swali ambalo huku kwetu huulizwa kabla hata ya jina la mtu.

"Na ninyi ni wa nani?"

Maana yake ni nyumba gani, ukoo gani, nani wa kukusemea. Mgeni kwa kawaida husema si wa mtu yeyote, ametoka mjini, na mambo yanaishia hapo. Gorka alikuwa mtu wa mizaha. Akautikisa ule ufunguo hewani.

"Sisi ni wa Mgawa-Maji!"

Tulicheka, ila si sana. Baadaye, mambo yalipotokea, wapo waliosema kwamba alijitaja mwenyewe, hakuna aliyemshurutisha. Mimi nilikuwapo, na kweli alisema.

Kiangazi, jua likianza kushuka, kila nyumba ya Valdemirlo hutoa viti barabarani na watu hukaa kupunga upepo, wakitafuna mbegu za alizeti na kusema ovyo. Viti ni vingi kuliko sisi tulio hai, kwa sababu marehemu nao huja. Hawaji wote. Wanakuja wale wenye kiti, yaani wale ambao nyumba zao bado zinawatolea. Mume wa Bi Práxedes huja na kusinzia. Mama yangu huja na kulalamikia namna ninavyopika dengu. Don Saturio, babu yake Evaristo, huja akiwa na mfuko wa peremende na humpa kila mtu moja, hai kwa marehemu, akianza na wanawake.

Nerea aligundua jioni ya kwanza, alipomgusa Don Saturio mkono ili kumshukuru kwa peremende. Mkono ulikuwa baridi kama mtungi.

"Husikii baridi, Don Saturio?"

"Nimeshazoea, binti."

"Huyo ni marehemu," Bi Práxedes akamweleza, macho kwenye ufumaji wake. Bi Práxedes ni jirani wa mlango wa pili, amekaribia miaka tisini, na sindano hazimtoki mkononi. "Kafa kwa kifua, zamani. Lakini ni mpole, usihofu."

Nerea alihofu. Jioni mbili nzima alikaa ukingoni mwa kiti, uso kwa mlango. Jioni ya tatu akazoea, maana marehemu walikuwa wanamsalimu vizuri kuliko Celedonio. Gorka yeye hakuhitaji hata siku moja. Aligundua kwamba Don Saturio anapenda mus, mchezo wa karata ambao Gorka alifundishwa na wajomba zake kwao Bilbao, na wakawa wanacheza wanne: Gorka, Celedonio, Don Saturio na mume wa Bi Práxedes anapokuwa macho.

"Wewe mzee unaiba karata waziwazi!" Gorka alikuwa akipiga kelele.

"Mimi nimekufa, kijana. Utanifanya nini?"

Tulicheka mpaka machozi. Kwa muda mrefu mtaa wa juu haukuwa na kicheko namna hiyo.

Palikuwa na pengo. Kati ya kiti cha Bi Práxedes na mlango wa kijani palibaki nafasi ya kiti kimoja, na sote tulikuwa tukiizunguka bila kuifikiria. Gorka, ambaye alikuwa hakosi kuuliza, akauliza mgawa-maji mwenyewe yuko wapi, mbona haji kupunga upepo na wenzake.

Celedonio alikuwa anachanganya karata. Aliendelea kuchanganya.

"Fulgencio? Huyo hana kiti," akasema.

Mwezi Julai Nerea aliona damu. Daktari, ambaye huja Valdemirlo mara moja kwa juma akiwa na haraka zake, alimpima na kumwambia mtoto yupo ila ameshikilia kwa kidole kimoja, na kwamba asinyanyue kitu, asikimbie, na asithubutu kupanda gari kwenye barabara yetu ya mashimo mpaka yeye atakaposema. Gorka akaliegesha gari lao nyuma ya nyumba, akang'oa mnanaa kutoka koponi, akaupanda ardhini. Nerea alimtazama kupitia dirishani akipapasa udongo kwa viganja na akajisikia salama, jambo ambalo hakuwa amelisikia tangu watoke kwao.

Bi Práxedes akawa anamletea supu ya kitunguu saumu mchana. Siku moja katikati ya Agosti ikikaribia, alileta supu, akaketi ukingoni mwa kitanda, na hakuondoka.

"Mumeo ana ndugu?" akauliza.

"Anaye dada, Bilbao."

"Mwambie aende akamwone dada yake. Arudi baada ya sikukuu ya Mtakatifu Roke."

"Kwa nini?"

Bi Práxedes alimweleza bila kupandisha wala kushusha sauti, namna mtu anavyoeleza ratiba ya gari la samaki. Jioni ya mkesha wa Mtakatifu Roke lori la nafaka hupanda mtaa wa juu. Hushuka watu wanne, Don Saturio akiwa mmoja wao. Hugonga mlango wa kijani na kumtoa mwanamume wa nyumba. Ilianza kiangazi cha vita vya wenyewe kwa wenyewe, Bi Práxedes akiwa mtoto mdogo chini ya meza ya mama yake. Aliyetolewa alikuwa Fulgencio, mgawa-maji, mtu aliyekuwa akifungua na kufunga mifereji ya mashamba, kila nyumba kwa zamu yake. Kuna mwenye shamba alitaka zamu ya mjane mmoja. Fulgencio akakataa, akasema maji ya mjane ni ya mjane. Vita vilipoanza, mwenye shamba akapata lori.

"Na mjane?" Nerea akauliza.

"Mjane ni mama yangu."

Lori liliendelea kuja kila mwaka, hata baada ya hao wanne kufa mmoja mmoja vitandani mwao wakiwa na mapadri pembeni. Linakuta nyumba ni tupu, linaondoka. Miaka mingi lilikuwa linakuja na kuondoka vivi hivi, na sisi tukajiwekea kwamba ni kelele tu. Mwaka jana halikuondoka. Lilikuta mlango wa kijani hauna mtu, likasogea, likagonga mlango uliofuata. Ndani alikuwemo Benigno, mwana wa pekee wa Bi Práxedes, amekuja likizo kutoka Zaragoza, anakula tikitimaji. Walimchukua akiwa bado na kisu cha tikitimaji mkononi.

"Baada ya hapo Evaristo akaweka lile tangazo," Bi Práxedes akasema. "Supu inapoa."

Nerea akasukuma bakuli kando. Aliuliza kama hakuna njia ya kuwazuia.

"Ipo. Wanauliza. Kabla hawajampakia mtu wanasimama katikati ya mtaa na kuuliza, huyu ni wa nani? Jirani akijibu 'ni wetu,' wanamwacha. Ndivyo ilivyokuwa hata wakati ule. Kijiji cha pili padri alijibu, wakamwacha seremala."

"Na hapa nani aliwahi kujibu?"

"Hapa hakuna."

"Kwa nini, jamani?"

"Wanasema ukijibu wanakuchukua wewe."

"Wanasema nani? Nani amewahi kuchukuliwa kwa kujibu?"

Bi Práxedes alilifikiria hilo, na kusema kweli lilionekana kumshangaza.

"Hakuna aliyejaribu, binti yangu. Kwa hiyo hatujui."

Gorka aliposikia alicheka kwanza, kisha akaona uso wa mkewe, akaacha. Nerea alimsihi aondoke. Alimsihi kwa kulia, kwa kumtukana, kwa kumrushia kiatu. Gorka akasema hamwachi peke yake kitandani na mtoto anayening'inia, kwa ajili ya lori la mzee anayecheza naye karata kila siku.

"Don Saturio hawezi kunidhuru, bwana. Jana kanipa peremende mbili."

Basi Nerea akaamka, japo alikatazwa. Alijifunga kanga aliyonunua safarini pwani, akashika tumbo kwa mkono mmoja, na akapita nyumba kwa nyumba mwendo wa mgonjwa. Alikuwa anataka kitu kimoja tu: mtu mmoja, yeyote, wa kusema "ni wetu."

Evaristo alimkaribisha kiti na kumkatia vipande vyembamba kabisa vya ham, paja la nguruwe lililokaushwa. Akasema Gorka ni kijana safi, kijiji kizima kinampenda, na mwakani wanafikiria kumpa kazi ya bwawa la kuogelea.

"Basi utasema?"

"Mimi ni meya, Nerea. Nikisema mimi inakuwa kama tamko la kijiji. Ni lazima kwanza tukae, tulijadili."

"Lini?"

"Baada ya sikukuu. Kabla hatuwezi kupata watu."

Celedonio hakumfungulia mlango, alizungumza naye kupitia dirishani, nusu ya uso nje. Alisema mmoja wa wale wanne ni baba yake mzazi.

"Kila mwaka anapita hapa chini ya dirisha langu akiwa amesimama nyuma ya lori. Hanisalimii. Unataka nimwite baba yangu muuaji mbele za watu?"

"Sitaki umwite chochote. Nataka useme Gorka ni wetu."

"Ni yaleyale, mama. Ni yaleyale." Na akafunga dirisha taratibu, asije akaonekana mtovu wa adabu.

Alikuja na kwangu pia. Nilimpa maji, nikamwambia tutaona.

Jioni hiyo, mkesha wa mkesha, viti vilitoka kama kawaida na Nerea akaketi karibu na Don Saturio. Miguu ilikuwa imemvimba. Akamuuliza wazi, kama mtu anayemuuliza fundi kama kesho atakuja.

"Kesho mtakuja, Don Saturio?"

"Tutakuja, binti."

"Kwa Gorka?"

"Kwa mwanamume wa nyumba ile." Akamnyooshea mfuko. "Chukua peremende. Ya limau ni nzuri kwa kichefuchefu."

"Mnakula naye, mnacheka naye. Mnawezaje?"

Don Saturio alikunja uso, na ilionekana ameumia kidogo kwa kusemwa mbele za watu.

"Sisi tunauliza tu," akasema. "Mwaka wa kwanza tuliuliza, na nilikuwa najua kabisa watajibu. Niliapa moyoni kwamba mtu mmoja tu akijibu, tunarudi nyumbani kulala. Hakuna aliyejibu. Mpaka leo tunauliza, na hawa," akatuzungushia mkono sote tuliokaa pale, "wanatafuna alizeti."

Bi Práxedes alikuwa ameacha kufuma. Nerea akamgeukia na kumshika mikono yote miwili, na sindano zake zote.

"Fulgencio alikufa kwa maji ya mama yako. Wewe unadaiwa kuliko wote. Sema wewe. Umri huo, Bi Práxedes, unaogopa nini?"

"Nitasema," Bi Práxedes akajibu.

"Apa."

"Naapa kwa Benigno wangu."

Nerea alilala usiku huo. Ulikuwa usingizi wake wa kwanza wa maana tangu aone damu, na Gorka alimsikia akikoroma akafurahi.

Kesho yake hakuna aliyetoa kiti. Jua lilikuwa bado juu ya mashamba ya alizeti pale mlio ulipoanza kusikika kutoka bondeni, mlio wa injini ya zamani inayobadilishwa gia kwa nguvu, na madirisha yakaanza kufungwa. Huku madirisha yetu yana mapazia ya mbao ya kukunja, yanashushwa kwa kamba, na yanapoanguka hutoa mlio wa mtu anayemwaga kuni. Yalianguka kuanzia nyumba ya chini, moja baada ya jingine, yakimpandia Nerea mtaa mzima. Alikuwa amesimama mlangoni ameshika mkono wa Gorka. La Bi Práxedes halikuanguka. Lilibaki wazi kiasi cha kiganja, na Nerea alikuwa akiitazama nafasi ile kama mwenye kiu.

Lori lilisimama. Lilikuwa safi, limefutwa vumbi. Wakashuka wanne na Don Saturio mbele, amevaa kofia ambayo hakuwa akiivaa siku nyingine.

"Habari za jioni, Gorka."

"Don Saturio! Karata nishachanganya, mmechelewa," Gorka akasema, na kweli alikuwa nazo mkononi. Kicheko kilimtoka kidogo kikaisha.

"Panda, kijana."

Don Saturio akaenda mpaka katikati ya mtaa. Akatazama madirisha ya kushoto na ya kulia. Akauliza kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayetafuta mwenye mbuzi aliyepotea:

"Huyu ni wa nani?"

Korongo walio juu ya mnara wa kanisa waligonganisha midomo yao. Mtaa ulikuwa kimya mpaka mtu aliweza kusikia jokofu la Celedonio.

"Ni wangu!" Nerea akapiga ukelele. "Ni mume wangu, ni baba wa mtoto wangu, ni wangu!"

Don Saturio akavua kofia.

"Najua, binti. Lakini wewe ni wa nyumba hiyohiyo. Mimi nawauliza majirani."

Nerea akakimbia. Daktari alimkataza, na alikimbia. Alipiga dirisha la Bi Práxedes kwa viganja, akainama, na kwenye ile nafasi ya kiganja akaona miguu ya kikongwe ndani ya ndala za sufu, imesimama palepale, vidole vimekunjwa.

"Sema, mama! Sema sasa hivi! Ni wetu, maneno mawili tu, sema!"

Alimsikia akivuta pumzi. Alimsikia kabisa, pumzi ya mtu anayetaka kusema. Kisha kamba ikaachiwa na pazia likaanguka hadi chini.

Wawili kati ya wale wanne walikuwa wanamwendea Nerea wamwondoe dirishani. Gorka akaona. Akaziweka karata juu ya kizingiti, kwa utaratibu, akaenda mwenyewe hadi nyuma ya lori na kupanda bila kushikwa na mtu.

"Nerea, ingia ndani," akasema kutoka juu. "Usikimbie, mpenzi. Daktari alisema usikimbie."

Lori likageuka pale kwenye birika la punda na kushuka kuelekea kwenye mifereji. Tulingoja mpaka mlio ukaisha, tukangoja tena kidogo, ndipo tukapandisha mapazia kwa sababu ndani kulikuwa na joto.

Asubuhi Bi Práxedes alimpelekea supu. Nerea aliipiga bakuli ukutani. Bi Práxedes akapangusa ukuta, akaenda kwake, akarudi na bakuli jingine.

"Uliapa," Nerea akasema.

"Niliapa," Bi Práxedes akasema. "Kula. Una mtoto."

Na jioni viti vilitoka. Mtu hawezi kukaa ndani na joto lile. Don Saturio alikuwepo mahali pake, bila kofia, na viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa kule mferejini, na kwa heshima hakuna aliyevitazama. Aligawa peremende. Alilalamika kwamba wamebaki watatu na mus haichezwi watatu. Nerea alitoka na kiti cha Gorka, akakiweka kwenye lile pengo kati ya Bi Práxedes na mlango wa kijani, akakaa pembeni yake akingoja. Marehemu wenye viti huja. Gorka hakuja, wala jioni iliyofuata, wala jioni yoyote. Celedonio anafikiri ni kwa sababu wanaochukuliwa na lori hawajazikwa kwa jina, wako tu kule chini ya mashamba, hawajui kijiji kiko upande gani.

Mama yake Nerea alikuja kutoka Bilbao kumchukua. Alikataa. Askari walikuja, wakanywa kahawa kwa Evaristo, wakaona gari la kulala lipo, wakaandika kwamba mume amemkimbia mke. Mtoto alizaliwa Desemba, wa kiume, mnene, akaitwa Eneko. Nyumba yenye mlango wa kijani ilikuwa na baridi kali, hivyo Nerea alihamia kwa Bi Práxedes na mtoto, kwa muda tu.

Alibaki kwa ajili ya jambo moja, na hakulificha. Alituambia wote, dukani, kanisani, kwenye foleni ya mkate. Mwakani lori likija, yeye atakuwa jirani. Si wa nyumba ile tena, ni jirani. Litakapoulizwa lile swali atajibu, sikukuu au si sikukuu, wamchukue wasimchukue. Alikuwa akituita waoga usoni petu, na sisi tukawa tunatazama chini, kwa kuwa alikuwa na haki. Tulikuwa pia tunamngojea. Nasema kweli. Tulikuwa tunangoja mwakani kwa hamu, kama watu waliopata mwenye kuwabebea mzigo.

Mwezi Mei Evaristo alirudisha tangazo, na Juni likaja gari jingine la kulala, la bluu, lenye baiskeli nyuma. Candela na Ismael, kutoka Murcia, wamechoka na safari, wanataka utulivu hadi vuli. Celedonio akawauliza ni wa nani. Ismael hakujua la kujibu, akamtazama mkewe, akasema, "Wa... hapa?" na tukacheka. Nerea naye alicheka, Eneko akiwa mgongoni.

Alikuwa na nia ya kuwaonya. Aliamka siku nyingi akiwa amelipanga neno kinywani, akavuka hatua chache hadi mlango wa kijani, akamkuta Ismael anamwagilia ule mnanaa wa Gorka na kupiga mluzi. Lakini wakionywa wataondoka. Wakiondoka, nyumba itakuwa tupu. Nyumba ikiwa tupu, lori litasogea mlango wa pili, na mwanamume wa mlango wa pili ni Eneko, ambaye alikuwa ameota meno mawili.

Alimuuliza Celedonio kama walishawahi kuchukua mtoto mchanga.

"Hawajawahi kuchukua mtoto," Celedonio akasema. "Ila pia hawajawahi kukosa mtu mzima."

Basi alirudi nyumbani. Akajiambia si lazima kuonya, kujibu kunatosha, atajibu.

Jioni ya mkesha alimvalisha Eneko soksi, japo palikuwa na joto, akamkumbatia na kusimama nyuma ya dirisha la Bi Práxedes. Lori lilipanda. Mapazia yakaanguka kuanzia chini. La kwao halikuanguka, lilibaki wazi kiasi cha kiganja. Bi Práxedes alikuwa amekaa jikoni amefumba macho, akiomba kwa midomo, na sisi wengine nyuma ya madirisha yetu tulikuwa tumetega masikio yote. Candela alikuwa anacheka mlangoni, akifikiri ni maonyesho ya sikukuu. Kisha akaacha kucheka.

"Huyu ni wa nani?" Don Saturio akauliza.

Nerea alivuta pumzi. Eneko alishtuka kwa mlio wa injini, akamshika mama yake shingo kwa mikono yote miwili, akajificha uso. Nje Candela alianza kupiga dirisha kwa viganja. Nerea aliziona pete zake kwenye ile nafasi, akayaona pia macho ya Candela, karibu kabisa, manyevu, ya mtu anayemjua.

"Nerea! Sema kitu! Wewe unatujua!"

Alijua lile neno. Alikuwa amelibeba mwaka mzima. Akaachia kamba.

Asubuhi alipika supu ya kitunguu saumu, akampelekea Candela, akapangusa ukuta, akarudi na bakuli la pili. Jua lilipoanza kushuka tukatoa viti. Nerea alimtoa Candela ndani akiwa amemshika mkono, na kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine alimkalisha kwenye kile kilichokuwa cha Gorka, kati ya Bi Práxedes na mlango wa kijani. Candela alikaa. Ukingoni mwa kiti, uso kwa mlango.

Don Saturio alipita na mfuko wake, akianza na wanawake. Alipofika kwa Nerea alisimama na kumtazama kwa muda, na ilionekana alikuwa na matumaini na jambo fulani ambalo sasa amelikatia tamaa. Akamnyooshea mfuko.

Nerea akachukua ya limau.

"Asante, Don Saturio," akasema, akamenya karatasi, akamwonjesha mtoto.